Baba Alisema Chesisi Imevunjika

Kila Jumamosi baba, fundi wa magari, aliosha gari ambalo halikuwa letu. Lilikuwa gari refu la kifahari, la Kiingereza, la zamani kuliko baba mwenyewe. Mzungu wa shamba la kahawa alikuwa ameliacha bandani alipokimbilia kwao. "Lichunge mpaka nirudi," alimwambia baba. Baba akauvaa ufunguo shingoni kama rozari.

Jumamosi ninayoikumbuka, mimi nilikuwa na miaka tisa na kaka yangu Amani kumi na mmoja. Tulikuwa tumelala chini ya gari, tukipitisha vidole kwenye namba iliyogongwa kwenye chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima. Hapo ndipo tulipojifunzia tarakimu. Saba ya mwisho ilikuwa imelala upande. Amani akachukua patasi na nyundo ya baba, akagonga herufi A, ya jina lake, kando ya ile saba. Baba alimchapa kwa mkanda wa feni mpaka mama akalia. Kwa ajili ya chuma cha watu! Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na baba hakuwa hata na undugu na yule mzungu.

Jumatatu asubuhi tulisikia bunduki upande wa juu wa shamba.

"Papa Amani, weka batoto mu gari, twende," mama alisema. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa mgongoni mwake.

"Shasi imevunjika," baba akajibu. Ndivyo alivyoiita chesisi, kwa Kifaransa cha gereji. "Ikibeba batu itakatika mu njia, tutakufa bote. Mutembee. Nitabafuata."

Fundi akishasema, nani abishe? Tukatembea.

Lori la jirani lilitupita likiwa limejaa, halikusimama. Wenye magari wote walivuka daraja la mtoni asubuhi ile. Sisi wa miguu tulilifikia saa sita, na askari walikuwa wamekwisha kufika.

Kandambili yangu ilikuwa imekatika. Nilibaki nyuma, nimechuchumaa majanini, nikiifunga kwa kamba ya mgomba.

Waliwapanga mama na wengine mstari.

Askari mmoja alimwambia Amani amshike mtoto. Akamshika.

Nilisikia kicheko kabla ya risasi.

Nilikaa na kandambili mkononi mpaka kukawa kimya.

Baba naye aliuawa siku hiyohiyo, mlangoni mwa banda. Waliotoroka baadaye walisema walimmaliza kwa panga, ufunguo ukiwa kiganjani. Kwa miaka mingi iliyofuata nilimlilia kama shujaa. Alibaki ili awacheleweshe askari, nilijiambia, na chuma ndicho kilichomwangusha.

Sasa nashona viti vya magari hapa Bertrams, mbali kusini nilikokimbilia. Mwezi uliopita Kaka Juma, Mtanzania anayefanya kazi kwenye gereji moja ya magari ya kale huko Midrand, aliniita nikapime viti. Gari halikuwa na bodi. Ilikuwa chesisi tupu, imekwanguliwa kutu yote, na fremu za viti zimefungwa juu yake. Nikainama. Nikaona saba iliyolala. Kando yake nikaona A.

Nilikaa chini sakafuni.

"Dada, vipi?" Kaka Juma akauliza.

"Ilivunjika wapi? Nionyeshe ulipoiunga."

"Kuvunjika? Hii haina ufa, wala haijawahi kuguswa na moto wa kuchomelea. Eish, dada, hii ungeibebesha kanisa zima."

Nikamwomba ahakikishe. Akaigonga kwa nyundo kutoka mbele hadi nyuma, taratibu, pande zote mbili. Chuma kililia safi kote.

Mwenye gari akaja na karatasi zenye historia ya chesisi yake. Akatusomea kwa Kiingereza, akitabasamu: ilitoka kiwandani, ikaenda Kongo kwa mkulima wa kahawa, mlinzi mwaminifu akaitunza vita vilipoanza, kisha ikaokotwa bila bodi na kuletwa huku kupitia Zambia. Akaweka kidole juu ya ile A.

"Kasoro ni huu mkwaruzo tu," alisema. "Uzibeni."

Mlinzi mwaminifu. Nilimchukia baba pale pale, nasema bila aibu, na bado nilitaka jina lake liandikwe kwenye ile karatasi. Kaka Juma alikuwa akinitazama.

"Sema, dada," akaninong'oneza.

Nilisimama, nikanyoosha futi yangu juu ya fremu ya kiti cha nyuma, kutoka ukingo hadi ukingo. Nikapima mara mbili.

"Hapo nyuma watakaa wangapi?" mwenye gari akaniuliza.

"Mama mmoja na mtoto mapajani," nikamjibu, "na watoto wengine wawili. Na nafasi inabaki."