Kucha za Mkono wa Kushoto

Siku walipotaka kumchoma mtu moto mbele ya saluni ya binti yangu, kule Olasiti, mimi nilikuwa nimeshatengenezwa kucha za mkono wa kushoto. Naanza na hilo kwa sababu kila niliyemsimulia aliniuliza kwanza habari za kucha, kisha ndipo akakumbuka kuuliza kama yule mtu alikufa.

Binti yangu alikuwa anajifunza kurefusha kucha kwa fomu. Kabla ya hapo alitumia tipsi kama wenzake wa mtaani: kucha za plastiki zinazokuja tayari kwenye boksi, unachagua saizi, unaibandika kwa gundi kwenye ncha ya kucha, unapaka juu yake. Fomu ni kazi nyingine. Ni stika ya karatasi ngumu inayong'aa kama fedha; unaichomeka chini ya ukingo wa kucha ya mtu mwenyewe, unaizungushia kidole, halafu unajenga kucha mpya kwa jeli juu ya hiyo karatasi. Jeli ikishakauka kwenye taa, unabandua karatasi, kucha inabaki imesimama yenyewe. Rafiki zake walishachoka kukalishwa kwa ajili ya mazoezi. Mimi ni mwalimu, nilikuwa likizo, sina la kufanya isipokuwa makala niliyokuwa naikwepa.

"Baba, wewe una vidole vya kujifunzia," aliniambia. "Nikiviweza hivi, hakuna vitakavyonishinda."

Alijaribu kwanza tipsi kwenye dole gumba langu. Ile kubwa kuliko zote kwenye boksi ilikaa pale kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mchungaji. Nimezaliwa miteremkoni mwa Mlima Meru, nimelima migombani kabla ya kushika kalamu, na kalamu haikuvipunguza vidole. Fomu aliikata kwa mkasi, akaipanua, ikakubali. Rangi alichagua mwenyewe. Waridi.

Dole gumba lilikuwa la mwisho. Lilikuwa limetoka tu kwenye taa, karatasi imebanduliwa, tuliposikia nje kelele za "Mwizi!" Mwanaume mmoja, shati limechanika mgongoni, akaingia mbio, akateleza sakafuni, akatambaa chini ya meza yetu. Damu ilikuwa inamtoka sikioni. Akanikumbatia miguu.

"Mzee, wananiua."

Mlango ukajaa watu kabla sijamjibu. Mbele yao alikuwa fundi pancha wa ng'ambo ya barabara, ambaye hunijazia upepo kila ninapokwenda kwa binti yangu. Mkononi alishika chuma cha kutolea tairi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," nikajibu. Ndiyo, nilijibu. Amekuja kuua, lakini heshima yangu ameileta, nami nikaipokea.

"Tuachie huyo."

"Kafanya nini?"

"Kampora mama wa watu simu. Tumemwona kwa macho."

"Basi tumpeleke polisi."

"Polisi!" akadakia mtu nyuma yake. "Kesho tunakutana naye hapahapa. Mzee, vitabu vimekuharibu."

Halafu mwingine akaona. "Oyaa, cheki kucha za babu!"

"Babu kapendeza! Harusi lini?"

Mlango mzima ukaangua kicheko. Nikapata matumaini. Nimewahi kuandika, na kulipwa kwa kuandika, kwamba umati ukicheka hasira huisha. Walicheka, na huku wanacheka wakaingia.

Walimvuta kwa miguu. Kwa kuwa alikuwa amenishikilia, nilianguka pamoja na kiti, na nilipofika chini nikajikuta nimeshika mkanda wa suruali yake. Watu wameniita shujaa kwa ajili ya hilo. Ningekuwa nimeangukia upande wa pili, ningeshika mguu wa meza. Chuma kilimshukia mgongoni kwa sauti ya gunia la mahindi linaposhushwa kwenye lori. Mtu alimkanyaga usoni na buti, akarudia, na meno yakaserereka sakafuni mpaka kwenye goti langu. Binti yangu aling'oa ile taa ya kukaushia kucha na waya wake, akampiga nayo mwenye buti kichwani. Alizabwa kofi lililomtupa kwenye rafu ya rangi, chupa zikapasuka. Akainuka, akamng'ata yule bwana mkono. Tumemlea Kilutheri, Jumapili hadi Jumapili, lakini alimng'ata mpaka jamaa akamwita mama yake.

Walitukokota hadi nje, mimi na mwizi, kama mzigo mmoja. Tairi lilikuwa limeshaletwa. Mwendesha bodaboda alikuwa na petroli kwenye chupa ya maji ya kunywa. Waliposhusha tairi kutoka shingoni mwa yule mtu hadi kiunoni, mkono wangu wa kushoto ulibanwa humohumo ndani, umeshika mkanda. Petroli ikamwagika kifuani kwake, ikanirukia shavuni, na baridi yake ndiyo iliyonifanya nielewe.

"Subirini! Mtoeni kwanza mwalimu!" alifoka fundi pancha. Ni kweli, walikuwa na adabu.

Akapiga magoti, akaanza kunibandua vidole. "Mwalimu, achia. Tafadhali. Usituingize kwenye dhambi."

"Siachii."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nilitaka kuachia. Niliogopa moto kama mtu yeyote. Akashika dole gumba langu kwa ile kucha ndefu, penye mshiko mzuri, akaikunja kwa nyuma kwa nguvu zake zote. Ingekuwa tipsi, ingebanduka pale ilipogundishwa, naye angebaki na kipande cha plastiki mkononi. Kucha ya fomu haikubanduka. Ilikuwa imeshikana na yangu, ikaondoka na yangu, mpaka kwenye mzizi.

Nilipiga yowe ambalo sikujua kama ninalo. Damu ikamrukia fundi mdomoni. Akajitupa nyuma huku anatema mate, na umati ukatulia kidogo, maana hii haikuwa damu waliyoijia.

"Mmemuua mwalimu!" Alikuwa mama anayechoma ndizi pale kona, amesimama juu ya kreti ya soda. "Nimewaona wote! Nawajua majina, nawajua na mama zenu! Haya, washeni huo moto niwataje mmoja mmoja!"

Akaanza kweli kutaja. Mwenye bodaboda alikuwa wa kwanza kutajwa. Akafunga kifuniko cha chupa yake kwa uangalifu, kama mtu anayetunza kilichobaki, akawasha pikipiki akaondoka. Waliofuata waliondoka kwa miguu. Gari la polisi lilipofika, pale barabarani tulibaki wachache, na tairi.

Askari walimpekua yule mtu na kukuta simu ndani ya soksi. Aliiba, basi. Walichosema kilikuwa kweli. Nililielewa hilo vizuri, na mkono wangu ulikuwa bado haujauachia mkanda, ilibidi niuamuru.

Binti yangu aliokota kucha mavumbini. Akaigeuza, akaitazama kwenye mwanga.

"Jeli haijanyanyuka hata ukingoni, baba," akasema, kisha akalia.

Askari walitupakia mimi na yule mwizi nyuma ya gari, yeye amelala, mimi nimekaa, dole gumba nimelifunga kwa taulo la saluni. Uso wake ulikuwa umevimba hata macho hayaonekani. Alipumua kwa mapovu. Kila gari liliporuka shimo nilisikiliza kama pumzi inayofuata itakuja.

Akapapasa pembeni, akaupata mkono wangu wa kushoto. Vidole vyake vikapita juu ya zile kucha nne zilizobaki, moja baada ya nyingine.

"Mama," akasema. "Usishuke, mama."

Ningejibu, angesikia sauti ya mwanaume. Nikanyamaza. Alikuwa anabana palepale penye kidonda, na niliuma meno, nikamwachia mkono aushike, akipumua, mpaka hospitali.