Kiti cha Mwisho cha Ndege ya Jumanne

"Kwako na kwangu ni pua na mdomo," alitangaza mbele ya harusi nzima, kipaza sauti mkononi, mdogo wake akiwa pembeni ya mume anayempeleka ng'ambo. "Kilometa elfu saba, saa tisa angani. Siku ukiumwa hata jino, chai nakunywa hapa, chakula cha usiku nakula kwako." Ukumbi ukalipuka vigelegele. Tangu siku hiyo akaitwa Rubani, na jina likamganda.

Rubani hajawahi kupanda ndege. Anauza tiketi tu, ndani ya kiofisi cha vioo ambamo ukisimama ghafla kiti kinagonga ukuta, na ukikaa magoti yanagonga droo. Ukutani kuna picha ya ndege iliyopaushwa na jua mpaka bawa moja limefutika. Mteja akiikodolea macho sana, Rubani humgeuzia kompyuta.

Ofisi ina fadhila moja: kila mfanyakazi, kwa mwaka, hupewa tiketi moja ya bure. Ni tiketi ya kusubiri, yaani unapanda endapo kuna kiti kimebaki. Na kazi ya Rubani ni kuhakikisha hakibaki. Aliyebuni mpango huo, popote alipo, Mungu anamwona.

Sasa mdogo wake anajifungua kwa upasuaji Alhamisi, mimba ya kwanza, mume yuko safari ya kikazi, na mji mzima ule hana wa kumshika mkono. Ndege ni kesho, Jumanne. Inayofuata ni Ijumaa, mambo yakiwa yameshaisha. Kiti kilikuwa kimebaki kimoja. Begi la Rubani lilikuwa chini ya meza, limefura kwa nguo za kichanga, naye kalipandishia miguu.

Akaingia kijana kavaa miwani ya jua.

"Dada, nipe ya kesho."

"Imejaa."

"Hata moja?"

"Hata ya kusimama."

"Dah. Na mimi nilitaka kwenda kuzurura tu."

"Basi zurura Ijumaa, kaka. Mji hauhami."

Bosi alikuwa kando ya kiti cha Rubani anakoroga chai. Akanyoosha shingo juu ya bega lake mpaka mvuke wa kikombe ukampiga sikioni.

"Rubani, mbona hapo naona kimoja?"

"Bosi, si nilikwambia habari za mdogo wangu..."

"Uliniambia, mwanangu, na tiketi nikakupa. Lakini yako inasubiri. Ya mteja haisubiri." Akapuliza chai. Hakuondoka.

Simu ikatetemeka mezani. Ujumbe wa mdogo wake: *Dada, nimeshamwambia daktari utakuwepo. Kiti si umepata?*

Rubani akailaza simu kifudifudi. Akatazama mlango, akatazama begi, akamtazama Bosi, ambaye kwa upana wake alikuwa ameziba njia yote ya kutokea.

"Pasipoti," akamwambia kijana.

Akachapa jina la mtu mwingine kwenye kiti alichokiatamia asubuhi nzima.

"Kwani ni mbali?" kijana akauliza, anatafuna chingamu.

"Saa tisa," Rubani akajibu, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Pua na mdomo."

Printa ikaguna, ikatema karatasi. Kwenda tu, mzigo kilo ishirini na tatu, dola mia saba na arobaini.