Vipindi Vinne vya Kompyuta

Mwalimu Aglaia Botnari alifundisha Kifaransa miaka ishirini na sita katika shule moja ya kijijini, nje kidogo ya mji wa Botoșani, Romania, na angefundisha hadi kustaafu kama watoto wasingeisha. Lakini watu walihamia Italia na watoto wao, madarasa yakapungua, na ilipofika Septemba akajikuta amepungukiwa vipindi vinne kwa wiki. Bila hivyo vinne, ajira hana. Mkuu wa shule, Bwana Pricop, akamjazia kwa somo lisilo na mwalimu: kompyuta.

Jamani, Aglaia na kompyuta! Hata simu alikuwa mtu wa kupigiwa tu. Basi akafanya alichokijua, akafundisha kompyuta kama Kifaransa: imla, msamiati ubaoni, na kukariri kwa pamoja kipanya ni nini. Mashine waliziwasha wanafunzi wenyewe, yeye kasimama dirishani mikono nyuma. Kila Jumatatu alijiambia, leo nasema ukweli. Kila Jumatatu alikumbuka kuwa kustaafu bado miaka tisa, akanyamaza. Na wewe ungenyamaza.

Mwezi wa tatu akaja mkaguzi kutoka mjini, mama mmoja mpole, akiongozana na Bwana Pricop. Watoto walimfurahisha mno: waliandika barua wakazituma, wakaeleza wanavyotambua picha ya uongo mtandaoni. Kisha mkaguzi akamsogezea Aglaia kiti, akamwomba aonyeshe yeye mwenyewe anavyohifadhi kazi za darasa. Aglaia aliitazama ile mashine, hajui hata aanzie wapi.

Nyuma ya darasa akasimama Ilinca, binti wa darasa la nane asiyejua kunyamaza.

"Samahani, mama. Mwalimu wetu hagusi kompyuta. Anasema akigusa yeye, sisi tutajifunza kutazama tu."

Hakuwahi kusema hivyo hata siku moja. Darasa zima likatikisa vichwa kukubali, nyuso kavu kabisa, na hapo Aglaia akajua kwamba walikuwa wameshamjua tangu siku ya kwanza. Aibu ilimchoma, na bado aliwapenda nusura alie.

Mkaguzi alikuwa akiandika haraka haraka. "Hii ndiyo njia tunayoitafuta, mwalimu," akasema. "Wewe ndiye utakayewafundisha walimu wa shule zote kumi na mbili za huku."

Hapo ndipo pa kusema. Aglaia akafungua kinywa. Lakini Bwana Pricop alishamshika mkono akimpongeza, hauachii, naye akavikumbuka vile vipindi vinne.

"Asante," akasema.

Ilinca alikuwa akicheka chinichini, mwenye furaha ya kumwokoa mwalimu wake. Akanyoosha mkono, akauliza mafunzo yataanza lini.

"Julai, shule zikifungwa," mkaguzi akajibu, akifunga mkoba wake. "Watakuwa walimu watupu, hakuna mtoto wa kuwasumbua."

Ilinca akakaa taratibu, akamtazama mwalimu wake, na kicheko kikamwisha.