Mama Alivyolisimamia Goti Langu

Niliumia goti nikicheza netiboli. Ilikuwa miaka ile biashara huria imepamba moto. Nilikuwa nauza mitumba sokoni Sumbawanga, na sisi wanawake wa soko tulikuwa na timu yetu. Niliruka kudaka mpira, nikatua vibaya, kano ya goti ikakatika. Nilifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, nikarudi nyumbani Malangali, mtaa wa hapo hapo Sumbawanga, na magongo mawili na mguu uliokonda kama wa mtoto.

Mama alikuja kutoka kijijini kwake Mwazye kuniuguza. Kwake yeye, mgonjwa ni wa kulala. Aliniwekea mto chini ya goti, akaninywesha uji wa ulezi, akanikataza hata kujichotea maji. Nilifurahia kudekezwa, lakini goti likazidi kuwa gumu.

Siku ya kwanza ya mazoezi hospitalini, mama alibaki mlangoni. Mtaalamu wa viungo, kijana mpole mwenye mikono yenye nguvu, alianza kulikunja goti, nikapiga yowe. Mama akaingia mbiombio.

“Wewe! Unamvunja tena mwanangu?”

“Shikamoo, mama.”

“Shikamoo yako iweke kwanza. Mwachie mguu!”

Kijana hakubishana. Aliushika mkono wa mama, akauweka kwenye paja langu zima, kisha kwenye lile la mguu uliopasuliwa.

“Umeona tofauti? Msuli huu umelala, mama. Tukizidi kumlaza naye, magongo hatayaacha.”

Mama alibonyeza huku, akabonyeza kule.

“Basi nionyeshe mimi,” akasema. “Huyu ni mvivu tangu utotoni.”

Tangu hapo sikupata raha. Asubuhi, baridi ikiwa bado kali, alinikalisha sakafuni, kisigino juu ya kanga, nikivute polepole kuelekea makalio. Kisha alinifunga kifuko cha mchanga kifundoni niinue mguu. Nikilalamika, alinijibu kwa Kifipa, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Jirani yetu, mke wa mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, alileta maziwa akasimama kutazama.

“Kwetu ng'ombe akiumia hivi tunachinja,” alisema. “Mshukuru Mungu huna nyama.”

Nilicheka mpaka mguu ukaanguka. Mama akasema hiyo haikuhesabika, nirudie.

Gongo moja likaondoka, kisha la pili. Miezi ikapita, hadi siku yule kijana aliponiambia nikimbie kwenye uwanja wa hospitali. Niliogopa. Nilishika ukuta, miguu ikagoma. Mama akavua kandambili, akakaza kanga kiunoni.

“Haya, twende,” akasema, akatangulia.

Sikuweza kuvumilia kuachwa na mwanamke mwenye wajukuu. Nikamfuata, mwanzoni nikichechemea, nikamfikia karibu na bomba la maji, nikampita. Wagonjwa waliokuwa kwenye mabenchi wakapiga makofi. Mama alifika anahema, machozi yanamtoka, akasema ni vumbi.

Wiki hiyo hiyo akapanda gari kurudi Mwazye. Ulezi wake ulikuwa umeiva, alisema, na ndege hawamngojei mtu amalize kuuguza.