Mama Yangu Kwenye Wasifu wa Profesa

Nilimkuta mama yangu kazini kwangu, ndani ya bahasha ya kaki.

Mama ana miaka kumi na moja kaburini.

Ngoja nieleze taratibu, maana hata mimi nilidhani nimechanganyikiwa.

Mimi ni karani katika chuo cha udaktari. Wakaguzi walikuwa wanakuja Jumatatu, mkuu akanitwisha zigo la kukusanya wasifu wa walimu wote. Umesoma wapi, umetibu hospitali gani, umefanya utafiti gani.

Jamani, wasomi wanajua kujisifu! Mmoja kaleta kurasa kumi na tisa. Mwingine kabandika picha ya ujanani ana nywele tele, na sisi kipara chake tunakiona kila siku.

Profesa wa upasuaji ndiye aliyenisumbua. Mzee wa maneno machache, hata salamu anaipima. Alileta nusu ukurasa.

Kwenye kisanduku cha "Kazi unayojivunia" alikata neno la pili, akaandika juu yake kwa kalamu: "nisiyoisahau." Chini yake makala moja tu. Mgonjwa Aliyefika kwa Wakati.

Nakala ilikuwa imeambatanishwa. Nikaifungua kuhesabu kurasa, macho yakanasa.

"Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, fundi cherehani, ana kovu la sindano kwenye kidole cha shahada cha kushoto. Alifikishwa saa tatu asubuhi akiwa mgongoni kwa mumewe, kwa kuwa lifti ya hospitali ilikuwa mbovu."

Lile kovu nalijua. Utotoni nililipapasa kila aliponishika mkono kuvuka barabara.

Siku ya msiba, mama mdogo alisema mbele ya watu, "Shemeji angempeleka mapema, dada angekuwa hai!"

Baba akainamisha kichwa. Baadaye akanifuata. "Mwanangu, mimi nilimfikisha asubuhi."

"Muongo mkubwa wewe!" nikamjibu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Nikamtoa moyoni kabisa. Harusi yangu hakualikwa. Wajukuu wake wawili hawamjui hata kwa sura.

Nikaendelea kusoma. Daktari alidhani ni vidonda vya tumbo, akampa dawa ya maumivu, akamwambia asubiri. Kumbe ni kidole tumbo. Anapasuliwa kesho yake, usaha umeshasambaa.

Mstari wa mwisho ulisema, "Mgonjwa hakuchelewa. Nilichelewa mimi."

Nikaingia ofisini kwake bila hodi.

"Profesa, huyu ni mama yangu."

Akavua miwani. Akaitazama ile karatasi.

"Nilimweleza baba yako yote siku mama yako alipofariki," akasema. "Nilijua atanipiga, wala nisingemzuia. Akaniomba kitu kimoja, nikawafundishe wengine wasikosee kama mimi. Ndiyo maana niko hapa."

Nilitaka kumchukia. Nikashindwa, maana hasira zote nilishazimalizia kwa mtu asiye na kosa.

Nikaenda kwa baba mchana uleule. Alifungua mlango akiwa amekonda, mvi kichwa kizima.

"Karibu, mwanangu," akasema, utadhani nilikuwepo jana.

Nikaweka makala mezani. "Baba, kumbe ulijua kila kitu! Mbona hukusema?"

"Nilisema."

"Hukunitajia daktari!"

"Nilikwambia nilimfikisha asubuhi. Hilo tu ndilo nililotaka uliamini."

Akavaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza, akanirudishia.

"Kwa hiyo leo umekuja kwa sababu profesa kaandika?"

Nikalia kama mtoto, yeye akaenda kuchemsha chai.

Ndugu zangu, wasifu wa wasomi thelathini na wanne niliusoma neno kwa neno. Baba yangu mzazi sikumpa dakika tano za kumsikiliza.

Kama kuna mtu umemhukumu kwa maneno ya msibani, mfuate leo, aeleze mwenyewe. Usingoje mpaka karatasi imtetee.

Jumapili nawapeleka wajukuu kwa baba. Amesema niwalete, atafurahi kuwaona.

Kuhusu mimi, hajasema kitu.