Ubwiriunga wa Damu

Mdogo wangu aliporudi kijijini Mtawanya kutoka hospitali ya Dar es Salaam, nywele zote zimenyonyoka kwa dawa, Bibi alimpokea mlangoni. "Mke mwenza, umekuja kuniibia mume na kipara hicho?"

"Babu mwenyewe ana kipara, Bibi. Tutafanana."

Natamani kuusikia tena utani wao wa mwezi ule, ingawa wakati huo hofu haikunipa nafasi ya kucheka. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nina simu ya kusomea saratani ya damu. Mdogo wangu akipiga mswaki nilichungulia fizi zake kama zinatoka damu. Akikohoa nilimshika paji la uso, nikiogopa homa. "Dada, mimi si chungu," alisema. "Acha kunipima moto kila saa."

Kilichoninyima usingizi ni safari ya kurudi hospitali. Daktari alisema vipimo ni vizuri, chembe za saratani hazionekani. Bibi alilishika neno hilo.

"Hazionekani, basi amepona. Arudi kutapishwa tena kwa nini?"

Kwetu Bibi akikataa, Babu naye amekataa.

Nikaeleza kama niko mbele ya wahadhiri: damu hutengenezwa kwenye uboho, ndani ya mifupa, humo chembe nyeupe changa zilizaliana ovyo, zikazibana chembe nzima, dawa za mwanzo huua nyingi, lakini chache hubaki zimejificha, na matibabu yakikatizwa ugonjwa hurudi. Bibi akaendelea kupepeta mchele.

Mdogo wangu, amejilaza mkekani, akasema, "Bibi, huu ni ubwiriunga wa damu."

Ubwiriunga ni ukungu mweupe unaokausha maua ya mikorosho. Ungo ukatulia.

"Ukipuliza salfa mara moja," akaendelea, "ukaona maua safi, unaacha?"

"Nikiacha nitavuna majani."

"Ndiyo hivyo sasa."

Bibi aliweka ungo chini. "Na salfa yenu inapulizwa mpaka lini?"

"Miaka, Bibi. Lakini mbele huko zaidi ni vidonge, nitamezea hapahapa."

"Na huko Dar nani atampikia uji?"

"Mimi," nikasema.

"Wewe uji wako una madonge."

Bibi akaenda naye mwenyewe. Pale stendi nilisimama chini ya dirisha la basi na maswali yangu yote, kama barakoa amechukua, kama maji yamechemshwa, wala hakuna aliyenisikia. Walikuwa wanagombea kiti cha dirishani.