Sauti ya Binti Yangu Ilikuwa Ndani ya Tableti Moja Tu

Binti yangu hajawahi kutamka neno kwa mdomo wake. Alizaliwa na mtindio wa ubongo, na misuli ya kinywa chake ni kama ile ya mikono na miguu: anaituma, inakataa kwenda. Kusikia anasikia. Kuelewa anaelewa kuliko watu wengi wanaomwinamia na kumpigia kelele kana kwamba ni kiziwi. Kwa miaka minane tuliongea kwa macho yake. Akiangalia juu ni ndiyo, akifumba ni hapana. Mimi niliuliza, yeye akajibu. Yeye hakuwa na njia ya kuniuliza mimi chochote, na naona haya kusema kwamba jambo hilo halikuwahi kunipitia akilini.

Tunaishi Bungoma, nyuma ya msikiti. Ninauza vitambaa barazani, mume wangu anaendesha lori la mahindi kutoka Kachibora. Tulikuwa tukimpeleka mtoto Kitale kunyooshwa viungo, na ni huko tulikokutana na mtaalamu wa kufundisha watoto kuongea. Dada mmoja kijana, mpole, mwenye tabia ya kuongea na binti yangu kwanza kabla ya kuongea na mimi. Siku ya kwanza alitoa tableti yake mwenyewe, akaisimamisha juu ya meza ya kiti cha magurudumu. Skrini ilijaa vipicha katika visanduku. Binti yangu akasogeza mkono, akagusa kimoja kwa kifundo cha kidole. Picha ya glasi. Tableti ikasema kwa Kiingereza: maji.

Aliniangalia. Akagusa tena. Maji. Akagusa tena na tena, mpaka yule dada akainuka, akaenda kuleta maji, akamnywesha. Binti yangu alicheka mpaka maji yakamtoka puani. Mimi nililia mbele ya watu wote waliokuwa pale, na wala sikujifuta.

"Akipata yake, mama, mtaona mambo," yule dada aliniambia. "Lakini iwe hii."

"Hii aina gani?"

Akataja jina. Mimi sitalitaja hapa. Halihitaji msaada wangu, limeshatajwa vya kutosha. Bungoma kwetu watu huita tableti yoyote kwa jina hilo, hata ile ya mtoto ya kuchezea ya plastiki.

"Na nyingine?"

"Nyingine hapana. Programu hii imetengenezewa hii peke yake."

Mume wangu ni mtu wa kupima kitu kabla ya kukinunua. Nilipomweleza alisema, "Tableti ni tableti, mama watoto. Hiyo nyingine ni jina tu unalipia." Akazunguka madukani Kitale, akarudi na ya kampuni nyingine. Na nitasema ukweli, ilikuwa nzuri. Skrini yake ilikuwa kubwa kuliko ile ya mtaalamu. Betri ilimaliza siku nzima, jambo la maana kwetu ambako stima hupotea ikitaka. Ilikuwa na mahali pa laini ya simu na mahali pa kadi ya kuongezea nafasi. Ilianguka kwenye saruji mbele ya macho yangu na haikupata hata mkwaruzo. Chochote unachoweza kupima kwa mkono na jicho, ile ya mume wangu ilishinda.

Ila haikuweza kuongea kwa niaba ya binti yangu.

Tulitafuta programu ya kufanana na ile. Tukapata moja ya bure. Picha zake za chakula zilikuwa za vitu ambavyo mimi mwenyewe sijawahi kula, na kulikuwa na picha ya mtu akifagia theluji. Hayo ningevumilia. Lakini kila alipobonyeza mara mbili tatu, tangazo lilijaza skrini nzima, na tangazo lenyewe lilikuwa la kamari. Mtoto wangu anaomba maji, anaambiwa abashiri mechi. Nakumbuka alivyokuwa akisubiri, kidole hewani, mate yakimdondoka, mpaka nifike nilifunge tangazo ndipo aendelee kusema kwamba ana kiu. Siku ya tatu aliisukuma tableti kwa kiwiko na kufumba macho. Hapana.

Nilikwenda Kitale na hasira zangu nikaingia kwenye duka tulilonunua. Muuzaji alikuwa kijana wa heshima tu.

"Mathe, hii yenu si mbaya," alisema. "Lakini ile ndiyo watu wanataka."

"Kwa nini wanaitaka?"

"Si kwa sababu ndiyo iko na kila kitu."

"Na kwa nini ndiyo iko na kila kitu?"

Akafikiri. "Kwa sababu ndiyo watu wanataka."

Alicheka. Mimi sikucheka. Niliingia maduka mengine, na kila mahali nilizungushwa hivyo hivyo. Ndiyo ina makava ya kuivisha, ndiyo vioo vyake vya kubadilisha vinapatikana, ndiyo ukitaka kuuza utapata wa kununua. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba ni imara zaidi, au kwamba inakaa na chaji zaidi. Wote walisema, kwa maneno tofauti, kwamba inashinda kwa sababu imeshashinda.

Yule mtaalamu ndiye aliyenipa jibu la maana. Wanaotengeneza programu zile, alisema, ni watu wachache walio mbali, na hawana mikono ya kutosha. Kampuni ile moja inatoa tableti za aina chache, zote zina tabia moja, kwa hiyo ukiijaribu programu yako kwenye moja umemaliza. Hizi nyingine ni za makampuni mengi, za kila saizi, kila moja na ukaidi wake. Tena familia zilizokuwa tayari kulipia programu zilikuwa zimeshanunua ile. Basi wakaanzia hapo, na wengi wao wakaishia hapo.

Nilimwelewa. Mimi ni mtu wa biashara, najua mtu huweka dukani kile kinachotoka. Lakini kuna tofauti kati ya kitambaa na ulimi wa mtoto. Mtu akikosa kitambaa kwangu atapata kwa jirani. Binti yangu alikuwa hana kwa jirani.

Niliuza cherehani yangu ya pili, tukapata ile yenyewe, ya mtumba, zile zinazoletwa zikiwa zimeshatumiwa Uingereza. Na hapa lazima niwe mkweli hata kama naumia: ilifanya kazi tangu dakika ya kwanza. Haikukwama na haikuleta kamari. Kidole cha binti yangu kilichotetemeka, ilikielewa.

Tatizo lilikuwa sauti. Ilikuwa ya mwanamke mzima Mzungu, na hakukuwa na Kiswahili kabisa. Mama yangu aliketi karibu na mjukuu wake, akasikiliza, akaniuliza, "Ati anasema nini?" Nikawa natafsiri maneno ya mtoto wangu kwa bibi yake. Nilikasirika upya. Ndipo mtaalamu akanionyesha kwamba kila kisanduku unaweza kukirekodia sauti yako na kukiwekea picha yako.

Tukamwita binti wa dada yangu, aliyekuwa na miaka tisa na sauti ya kuita mbuzi kutoka ng'ambo ya mto. Aliketi kitandani, mimi nikashika tableti, yeye akasema neno moja moja. Nataka maji. Nataka nje. Sipendi. Acha. Baba wapi? Tukapiga picha ugali, mandazi, mtandio, mlango wa nyumba yetu. Tulipofika kwenye kulala akasema, "Nataka kurara."

"Sema kulala."

"Kurara."

"Kula-la."

"Si ndivyo nasema, anti?"

Niliiacha hivyo. Hiyo ndiyo sauti ya kwetu. Kutoka siku hiyo ile mashine ya jina kubwa, iliyotengenezwa na watu ambao hawajui Bungoma ipo, ikawa inasema "nataka kurara" nyumbani kwangu kila jioni, na mume wangu alikuwa akicheka kila mara kama mara ya kwanza.

Asubuhi iliyofuata niliketi kumlisha uji wa wimbi na maziwa, kama nilivyomlisha tangu aachishwe ziwa. Akabonyeza: "Sipendi." Nilidhani amekosea. Akabonyeza tena: "Sipendi. Sipendi. Acha." Miaka yote ile alikuwa akiumeza kwa sababu sikuwahi kumuuliza kama anaupenda. Nilimpa chai na mandazi. Alipomaliza aliuliza, "Baba wapi?" Hilo ndilo swali la kwanza mtoto wangu alilowahi kuniuliza. Nilimjibu kwa kirefu, barabara kwa barabara, mpaka Kachibora.

Miaka miwili ilikwenda vizuri. Akakubaliwa shule ya hapa mjini, mwalimu akazoea, watoto wakagombania kuketi naye. Kisha asubuhi moja nikafungua tableti, programu ikakataa. Ukatokea ukurasa mweupe wenye maneno ya Kiingereza: pakua toleo jipya. Nikajaribu kupakua. Ikajibu kwamba tableti hii ni ya zamani, toleo jipya haliingii.

Sikuamini. Nikaenda na binti yangu mpaka Kitale, tableti imelala mapajani mwake, tukaingia dukani kwa yule kijana.

"Imezeeka, mathe," alisema baada ya kuigeuza geuza. "Hizi zikifika umri fulani wanaziacha. Si ununue mpya tu."

"Imezeeka aje? Angalia kioo. Kuna hata alama?"

"Haina. Lakini ndani."

"Ndani haijaharibika kitu. Jana iliongea! Lori la mume wangu ni la zamani kuliko wewe, na kila asubuhi linawaka. Hakuna mtu aliye ng'ambo anayelizima kwa sababu ametengeneza jipya. Hii nilinunua, ni yangu. Nani amewapa ruhusa ya kunifungia mdomo mtoto?"

Duka lilikuwa na watu. Wote waligeuka kutuangalia. Yule kijana akasema kwa sauti ya chini, "Mathe, mimi nauza tu," na alikuwa na haki, hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mwenye kosa hakuwa dukani. Hakuwa Kitale wala Kenya. Nilikuwa nampigia kelele mtu aliyeajiriwa kupanga makava.

Nikasikia tap, tap, tap. Binti yangu alikuwa akigonga ule ukurasa mweupe kwa kifundo cha kidole, juu upande wa kulia, pale pale. Sikuhitaji picha kujua. Hapo ndipo kilipokuwa kisanduku cha "Twende nyumbani." Alikuwa akisema, na hakuna kilichosikika.

Nilimsukuma nikatoka.

Nilimwambia mume wangu kwamba sitanunua tena kitu cha watu hao. Ile tableti yake ngumu bado ilikuwapo, inacheza katuni. Na kwa wakati huo zilikuwa zimeshatokea programu nyingine za kuongea, mbili kati yake si mbaya hata kidogo. Nikampigia simu mtaalamu. Alifurahi, kisha akanionya.

"Mtaanza upya, mama. Zile sauti mlizorekodi haziwezi kuhamia huko."

"Zimepotea?"

"Hapana. Zimehifadhiwa. Lakini zinafunguka kwa ile programu tu, na ile programu inataka tableti ya kampuni ile ile. Mpya kidogo."

Maneno zaidi ya mia tatu. Picha ya mlango wetu. Mpangilio mzima ambao kidole cha binti yangu kilikuwa kimeujua kwa moyo, mpaka aliweza kusema gizani stima ikipotea. Na ile sauti: binti wa dada yangu alikuwa amekua, ameshaanza kutamka kulala kama walimu wanavyotaka.

Hapo ndipo nilipoelewa, bila kusaidiwa na mtu, kwa nini tableti ile moja inaziburuza nyingine zote sokoni. Uzuri inao, siwezi kuukana. Lakini wanaoinunua mara ya pili hawainunui kwa uzuri. Wanainunua kwa sababu vitu vyao viko ndani na mlango uko upande mmoja tu.

Tulinunua. Ya mtumba tena, mpya kidogo. Mtaalamu akaandika namba ya siri, visanduku vikarudi kimoja kimoja, kila kimoja mahali pake. Mume wangu aliguna tu. Nilijua kwamba mahali fulani nimehesabiwa kama mteja aliyeridhika, mmoja wa wale "wanaoitaka," na hasira hiyo haijaniisha mpaka leo ninapoandika. Lakini usiku ulipoingia binti yangu alisema anataka kurara, na nilimlaza.

Mwezi uliopita tulikuwa Kitale tunasubiri zamu ya kumwona mtaalamu. Kando yetu aliketi mama mmoja mgeni, ametoka Kapsokwony kwa pikipiki na mtoto mdogo mgongoni, shingo ya mtoto haijakaza. Alimtazama binti yangu akiongea, kisha akaniuliza kwa upole, "Dada, ninunue gani?"

Nilitaja jina. Lilinitoka kwa shida, lakini ningemdanganya vipi? Kisha nikamweleza mengine yote: picha zile azichapishe pia kwenye karatasi na asizitupe, maana karatasi haihitaji toleo jipya, arekodi sauti ya mtoto wa kwao, asidhani kwamba kitu alichokilipia ni chake. Nikaendelea kuhusu muuzaji, kuhusu kamari, kuhusu watu walio ng'ambo. Sauti yangu ilikuwa imepanda, naambiwa.

"Imetosha," ilisema tableti.

Yule mama alishtuka, akaangalia huku na huku kutafuta aliyesema. Binti yangu alikuwa ameniinulia nyusi, kifundo cha kidole bado kiko kwenye kisanduku, tayari kurudia. Tukaitwa, nikamsukuma tukaingia.